Nyumba ya dada yangu Kilosa iliyokosa kuingia kwenye muvi kwa sababu tuliipaka rangi

Wakuu, Bwana asifiwe, na kwa ndugu zetu Waislamu, asalaam aleykum. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo, marahaba kabla hamjasalimia.

Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, na mwenye kosa ni mimi mwenyewe. Sina sababu ya kutia chumvi.

Mtaa wetu uko Kilosa mjini, nyuma ya stesheni. Vijana wanauita Muvini, maana kwa miaka mingi watu wa filamu kutoka Dar wamekuja kuigizia hapa mambo ya kale. Walifuata nyumba: kuta nene, vibaraza vya nguzo za mbao, milango ya mninga.

Zilikuwa saba. Leo imebaki moja.

Ya fundi cherehani ilichukuliwa na mafuriko. Ya mkuu wa stesheni imekuwa fremu za maduka. Ya Nesi Agnesi, aliyezalisha nusu ya mtaa, wakiwemo wanangu wanne, wajukuu waliibomoa mara tu baada ya arobaini yake. Nikipita pale bado navua kofia.

Iliyobaki ni ya dada yangu Eunike, mjane. Mwanawe, Elisha, ana gesti Mikumi, pale malori yanapolala. Ni kijana mwema, hajawahi kumwacha mama yake apungukiwe. Ila alishasema: Pasaka ikipita anabomoa, ajenge gesti nyingine.

Dada hakumkatalia. Aliniambia tu huku akichambua mchele, "Mdogo wangu, niombee nife kabla ya Pasaka."

Alisema akicheka. Mimi sikucheka.

Basi Kwaresima akaja binti mmoja, Zubeda, anaongoza filamu. Akaipapasa ile nyumba kama mtu anayempima mtoto homa, akasema hiyo hiyo, tunarudi wiki ijayo.

Nikamshukuru Mungu. Nikajua Elisha akiiona nyumba yao kwenye muvi, na watu wa Dar wakiisifu, moyo utamlainika.

Hapo ndipo nilipokosea.

Kwetu mgeni akitoa taarifa kwamba anakuja, unafagia. Nikatangaza kanisani. Jumuiya nzima ikaja na ndoo za chokaa na rangi ya bluu. Elisha naye akatoka Mikumi kuja kushika ngazi, kwa kuwa mama yake alimwita, na mama akiita Elisha haulizi.

Alipewa kukwangua chumba alichozaliwa. Akina mama hawakumwacha apumue. "Elisha, pale umeruka. Una gesti nzima na hujui kupaka ukuta?" Kila mmoja alikuwa na habari za utoto wa Elisha, nyingine hata mimi nilikuwa sizijui.

Jioni nyumba iling'aa kama bibi harusi.

Kesho yake Zubeda aliposhuka kwenye gari aliizunguka nyumba kwanza. Kisha, "Babu, mmeifanya nini?"

"Tumewasafishia, binti yangu."

Akafunika uso. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Kumbe alichokipenda ni ule ukuukuu wenyewe, zile kuta zilizobanduka na ule ukungu.

"Mjomba," Elisha akaniambia, "umeua muvi kwa ndoo nne."

Zubeda, kwa adabu kabisa, akaomba vijana wake wazipake kuta masizi na tope zionekane za kale tena, wakimaliza wataosha. Dada akanitazama. Nami nilikuwa tayari kukubali, maana tumaini langu lote lilikuwa kwenye hiyo muvi.

Elisha akaenda kusimama mlangoni, bluu ingali kwenye kucha.

"Haipakwi tope nyumba ya mama."

Zubeda akaeleza kwamba ni siku mbili tu.

"Dada, nimesema haipakwi."

Nikamvuta pembeni. "Mwanangu, si ulikuwa uibomoe?"

Aliingia ndani kumsaidia mama yake kuandaa chai ya wageni. Wakanywa, wakaaga, wakaenda kutafuta nyumba nyingine milimani, Mamboya.

Pasaka ikapita. Fundi akaja kutoka Mikumi na futi yake. Dada alipomwona akajifungia chumbani.

Kumbe alikuja kupima paa. Elisha akagonga mlango, akasema, "Mama, hamia chumba cha mbele. Tunaezeka upya upande wa jikoni, unavuja."

Wakuu, nilidhani nyumba itapona ikisifiwa na watu wa mbali. Imepona kwa sababu Elisha mwenyewe aliishika kwa mikono yake. Wajukuu wa Nesi Agnesi hatukuwaita hata siku moja kuja kupaka chokaa, hilo linaniuma. Namshukuru Mungu anayetumia hata upumbavu wa wazee.

Sasa ombi. Zile sita hatukuzipiga picha, tulidhani tutaziona kila siku. Mliowahi kuishi Kilosa, tafuteni kwenye albamu za wazazi. Hata kama nyumba imeonekana kidogo tu nyuma ya watu, iwekeni hapa.

Na mnaoona gesti ingefaa zaidi, semeni bila woga. Nasoma polepole, lakini nasoma yote.