Jumamosi Aliyotusalimia Baba Mdogo Fabiani

Enzi zetu kule Ushirombo, Jumamosi haikuwa siku ya kulala mpaka jua liingie dirishani, kama wafanyavyo wajukuu zangu. Ukiamka, ndoo inakusubiri. Ukirudi kisimani, debe la mahindi limeshafungwa kupelekwa mashineni, na ukirudi mashineni ukiwa mweupe kwa unga mpaka kwenye kope, Bibi anakutuma tena ukaanue michembe ya viazi kabla mbuzi wa jirani hawajaiona. Tulilalamika kimoyomoyo. Bibi alikuwa akisema, "Mtoto anayenung'unika huota mkia," nasi tulijipapasa nyuma kabla ya kulala.

Thawabu yangu baada ya shughuli hizo ilikuwa kwenda kwa shangazi Modesta, aliyekuwa muuzaji wa zamu ya mchana katika duka la ushirika la kijiji. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, bidhaa adimu kama mvua ya kiangazi. Watu walipanga mawe kwenye foleni wakaenda zao shambani, na hakuna aliyethubutu kulisogeza jiwe la mwenzake. Ndani kulinukia mafuta ya taa, sabuni ya mche na magunia ya chumvi. Juu ya rafu kulikuwa na redio ambayo betri zake tulizianika juani ili zipate nguvu ya kumaliza wiki.

Alasiri ilipofika, shangazi aliiwasha tusikilize chemsha bongo. Washiriki waliulizwa maswali, wakasita, kengele ikalia, na foleni nzima ikabishana. Hakuna aliyebisha kama baba mdogo Fabiani, kitinda mimba wa Bibi. Aliegemea kaunta akitafuna karanga, akijibu kabla mshiriki hajafungua mdomo. Watu wa redio walipokuja Shinyanga mjini kurekodi kipindi, alidandia lori la pamba akaenda. Aliporudi tulimzonga tujue kama ameshinda. Akacheka tu. "Mtasikia wenyewe."

Hatukusikia kitu kwa muda mrefu. Akaenda kuchimba dhahabu upande wa Bulyanhulu na vijana wenzake. Mvua zikanyesha, na duara, ndivyo wachimbaji walivyoliita shimo lao, likatitia yeye akiwa ndani. Wenzake walifukua mpaka wakakata tamaa. Misa yake ilisomwa bila jeneza, na hatukuwa na kaburi la kupalilia.

Ndipo ikaja ile Jumamosi. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia, Bibi yuko kwenye foleni ya sabuni, shangazi anapima chumvi. Mtangazaji akamkaribisha mshiriki mwingine, na sauti ikasema, "Naitwa Fabiani, natoka Ushirombo."

Kijiko kikabaki hewani mkononi mwa shangazi. Mtu aliyekuwa mlangoni akavua kofia. Fabiani akakohoa kile kikohozi chake kifupi, akajibu swali moja, akajibu la pili. Hakuna aliyebishana naye. Kisha mtangazaji akamuuliza anapenda kumsalimu nani.

"Namsalimu mama yangu. Mama, mimi nipo. Usifunge mlango, nakuja."

Bibi aliinua uso kuitazama rafu. Akajibu kwa Kisumbwa, taratibu, kama anayemjibu mtu aliyesimama uani, "Haya, mwanangu. Sitaufunga."

Betri zikaanza kuishiwa nguvu. Sauti ikawa nzito, ikaburutika, ikazama. Watu wakatoka mmoja mmoja, wakaiacha sabuni waliyoisubiri tangu asubuhi.

Tangu jioni ile Bibi hakuutia tena komeo mlango wake. Tuliobaki tukilala naye tulijifunika gubigubi, tukisikiliza upepo ukiusukuma na kuurudisha. Lakini kilichotutisha zaidi kilikuwa nje. Kisimani wanawake walinyamaza nikifika. Rafiki yangu Paskazia, niliyecheza naye rede kila siku, aliniambia huku akitazama pembeni, "Mama amenikataza kucheza na wewe. Wanasema bibi yako amemficha Fabiani, amemfanya msukule anamlimia usiku. Ndiyo maana alimjibu bila kuogopa."

Kwetu, bibi kizee akishatajwa kuwa mchawi, huenda asiione masika. Asubuhi moja tulikuta nyayo za watu wazima zimeizunguka nyumba yote, zikasimama kwa muda nje ya dirisha la Bibi. Shangazi alizitazama, akachukua ufagio, akazifuta.

Jumamosi iliyofuata aliwakuta watu kwenye foleni, na mzee Lukasi, mwenyekiti wa duka, yuko palepale. Hakufungua. Alisimama mgongo umeuelekea mlango.

"Anayesema mama yangu amemficha Fabiani aniulize mimi," alisema. "Siku anarekodiwa nilikuwa ukumbini Shinyanga. Niliona mashine inazungusha utepe. Mliyoisikia ni sauti ya mtu alipokuwa hai."

Mzee Lukasi akamtazama. "Siku ile uliaga unakwenda bohari kuleta chumvi."

"Nilikwenda. Lori la duka lilinisubiri."

"Ukiwa kazini?"

"Nikiwa kazini, baba."

Mzee alinyoosha mkono, na shangazi akaziweka funguo kiganjani mwake. Hakuuza tena katika duka lile. Lakini kesho yake mama yake Paskazia alikuja kwetu na sahani ya viazi vya matobolwa, akapiga magoti, "Shikamoo, mama," na Bibi akaitikia kama vile hakuna kilichotokea. Aliishi miaka mingi, akafa kitandani pake.

Jambo moja lilinisumbua. Siku moja tukichambua pamba nilimuuliza shangazi: kama alijua ni utepe, kwa nini kijiko kilibaki hewani mpaka mwisho?

Alitupa jani kavu pembeni. "Nilikaa mstari wa mbele, mwanangu. Nilisikia kila neno. Alimsalimu mama, ndiyo, akasema yupo. Hayo ya mlango hakuyasema."

Sikuuliza tena, naye hakuyarudia mpaka anakufa.

Siku hizi wajukuu zangu wana sauti za marehemu ndani ya simu. Wanambonyeza mjomba wao aliyezikwa mwaka jana, anaongea, anacheka, huku wao wanakula chipsi, na akiwachosha wanamkatisha. Wananiuliza kwa nini hatukumrekodi Fabiani. Nawaambia hata betri tulianika juani. Wanaangua kicheko, nami nacheka nao. Siwaambii kwamba nakumbuka harufu ya chumvi ile, nakumbuka kofia mkononi mwa yule mtu mlangoni, nakumbuka kila neno lililotamkwa. Sauti yenyewe nimeisahau. Nikijaribu kuisikia, anayeniambia "nakuja" ni mtu nisiyemjua.