Mchumba kwa Kila Hali

Baba alikuwa karani Moroni, sisi tukiishi kisiwa kingine, Mutsamudu, kwa mama, na kila aliposhuka kwenye ndege Ouani alikuja na jambo jipya la kutuudhi. Safari hiyo alikuja na elimu. Mtaalamu mmoja wa kigeni alikuwa amewafundisha ofisini kwamba mambo yasipotabirika huna haja ya kubahatisha: unachora hali tatu zinazoweza kutokea, kisha unajiandaa kwa zote. Mamluki wa Kizungu walikuwa wameshaishika nchi, hakuna aliyejua kama watakaa mwaka au milele, na baba akaona elimu hiyo imeletwa kwa ajili yake.

Wenzake walichora barabara na bei ya karafuu. Baba alinichora mimi.

Wazungu wa kambini wakibaki, ningeolewa na askari wa Moroni aliyewatumikia. Wakiondoka na wapinzani wakarudi, ningeolewa na mwalimu wa shule ya Patsy, ambaye kaka yake alikuwa uhamishoni. Na kila kitu kikiharibika, kulikuwa na mzee wa Marseille mwenye karatasi za Kifaransa na meno machache. Wote watatu waliambiwa ndiyo.

Kwetu mume huhamia kwa mke, na baba ndiye humjengea binti yake nyumba. Yangu ilikuwa kuta tupu nyuma ya nyumba ya mama. Baba akasimamisha ujenzi makusudi. Bila paa hakuna harusi, na bila harusi hakuna mchumba wa kukasirika.

Mimi nilimtaka mwalimu. Kila Ijumaa alikuja, akala mkate wa sinia wa mama, akaniangalia mimi, kisha akaziangalia zile kuta. Siku moja uvumilivu ulimwisha.

"Mzee wangu, mabati nitaleta mimi."

Baba alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, tangu lini mkwe akaezeka nyumba ya mkewe? Unataka watu wanicheke?"

Askari alipopandishwa cheo, baba alinunua saruji. Mzungu wake alipomzaba kibao hadharani, baba akaiuza. Mzee wa Marseille alipofariki, baba alisema innalillahi, kisha akasema hali ya tatu sasa ina pengo. Niliishi hivyo mpaka mdogo wangu, niliyekuwa nikimshika mkono kumpeleka chuo cha Kurani, akawa mwari.

"Mama, mwambie anioze," nilimsihi. "Yeyote."

"Baba yako anakupenda," alisema mama. "Ndiyo maana anahangaika."

Nilitamani anipende pungufu.

Hatimaye wazungu wakaondoka. Baba alitua Ouani akichangamka kama bwana harusi mwenyewe, maana hali ya pili ilikuwa imetimia na alikuwa tayari nayo. Hakutua hata mkoba. Alikwenda moja kwa moja mtaa wa Hombo, kwa kina mwalimu. Mimi nikaoga, nikavaa shiromani mpya, nikakaa kumngoja. Mjinga mimi.

Alirudi alasiri akitabasamu.

"Mwalimu amekubali," alisema. "Tunaezeka wiki hii."

Mama akapiga vigelegele. Baba akamnyamazisha kwa mkono.

"Ila anamtaka mdogo mtu. Anasema huyu umri umesogea, naye anataka watoto wengi. Si neno. Mkwe ni yuleyule, nyumba ni ileile, ukoo haujapoteza kitu."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama chini, lakini nilimwona alivyobana midomo ili furaha isimtoke.

"Na mimi, Baba?"

Hakunikaripia. Alifikiri kwa dhati, akizipitia hali zake kichwani moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta alipokosea.

"Nchi niliifikiria yote, mwanangu," alisema mwishowe. "Kwamba wewe utazeeka, hilo sikulifikiria."

Nikamwambia Mungu amlaani. Nilisema kwa sauti, majirani wakasikia, na mama hakunikemea.