Kwa nini mapigano ya anime haimaliziki? Imeninyang'anya wajukuu

Ninyi vijana wa humu, jambo kwenu. Koko wenu, bibi muzee wa Masisi, anasema, na ninasema kweli tupu. Masomo sikufika mbali, mutanivumilia.

Kwetu karibu na Mushaki, magaribi tunakaa jikoni na wajukuu, tunatoa maharagi ku maganda, mimi napiga hadisi. Kila nikipumua wanaitika "Eeeh koko!" Wasipoitika, hadisi inakufa palepale. Hiyo njo desturi yetu.

Juzi nilikuwa ku hadisi ya nyati yenye ilimufukuza marehemu bwana yangu kule Itebero. Furaha, mujukuu wangu, akaitika "Eeeh!" kwa nguvu zote.

Nikanenepa roho! Nikapandisha sauti.

Kumbe anaitikia telefone. Ameificha katikati ya maganda, watu wawili wa kuchorwa wanapigana.

Vijana, wivu ulinishika mbele ya wote. Wivu wa mutu wa karatasi, nywele kama jogoo iliyonyeshewa!

Nikakaa nimutazame vizuri huyo adui yangu. Anataja jina la ngumi mbele ya kuipiga. Mwenzake anamungojea! Mulima unapasuka, wao bado wanaongea tu.

Mimi vita niliiona. Hakuna mwenye anatangaza. Ni kukimbia na sufuria ku kichwa.

"Furaha, sababu gani hawamalizi?"

"Koko, ngumi ya kuchorwa haiumi. Asipopasua mulima, utajuaje kama iliuma? Na vile wanaongea, njo unajua wanapigania nini. Nyati yako ilitoka, ikafukuza, ikarudi. Iko fupi!"

Iliniuma, maana iko kweli.

Kesho yake nikairudilia hadisi. Safari hii pumzi ya nyati ikalaza migomba yote. Bwana yangu akasimama, akaita mukuki wake kwa jina, akaita na jina la baba yake, na nyati ikamungojea amalize.

Furaha akasahau maharagi mu mukono. "Eeeh koko!"

Hiyo "Eeeh" ilikuwa yangu.

Basi nimejifunza: mwenye kuchora anaongeza sababu anataka usikie uchungu wenye haiko mu karatasi. Lakini wivu bado ninao, sitaficha.

Ninyi munaotazama hizo vitu, andikeni hapa chini: wazee wenu munawaitikaga, ao munawaacha waongee na ukuta?

Kwangu nimeshatoa amri: "Telefone inabaki ku kitanda mpaka maharagi imalizike. Na mwenye ataitika, aitike ananiangalia mimi ku macho."