Kiingilio Mkungu Mmoja

Kila nikimenya ndizi na utomvu kuninata vidoleni, namwona mama mlangoni pa ukumbi wa parokia.

Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeua migomba, na wapiga nanga wa Muleba, ile ala ya nyuzi ya Wahaya, waliandaa tamasha la kuchangia wenye njaa. Kiingilio kilikuwa mkungu mmoja. Mama alikata wa mwisho kibanjani, shamba letu la migomba, ili watu wasijue kwamba nasi tumeishiwa.

Mwimbaji wao alipasua ndizi moja ya kila mkungu kukagua ugonjwa. Kisu kilipoingia kwenye ya kwetu, mama alinibana mkono hadi ukauma. Ndani ilikuwa na madoa ya kahawia.

Mwimbaji akaifunika haraka kwa jani. “Pita, mama,” alisema polepole.

Asubuhi tulikuta mkungu mwingine, mzima, mlangoni kwetu, umefunikwa jani. Kabla ya kuuingiza ndani, mama alichungulia kwanza kama jirani ametuona.