Kimulimuli na Mkono wa Mama Mkwe

Mtaani walimwita Kimulimuli. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipiga picha za eksirei hospitalini, na watu waliamini mwili wake umejaa mionzi. Kinyozi alimnyoa harakaharaka. Mama mkwe wake, waliyeishi naye nyumba moja, alimtengea kikombe chake peke yake, na kila umeme ulipokatika alimkodolea macho aone kama anang'aa.

Kazini nako hakukuwa na nafuu. Wagonjwa walipomuuliza kama eksirei ina madhara, jibu lake lilikuwa moja: haina madhara hata kidogo. Kisha huyoo, nyuma ya ukuta. Wengine walishuka kitandani wakaondoka na mifupa yao iliyovunjika.

Asubuhi moja mama mkwe aliteleza bafuni, kifundo cha mkono kikavimba kama boga. Binti yake akamleta hospitali. Kimulimuli akamweka mkono vizuri mezani, akasema yale yale ya siku zote, akageuka aende zake.

"Baba, ngoja kwanza," mama mkwe akasema, mlango ukiwa wazi na foleni nzima imetega masikio. "Kama haina madhara, unamkimbia nani?"

Kimulimuli akarudi mezani. Akakiri kwamba miaka yote amekuwa akisema nusu ya kweli.

"Madhara yanaweza kuwepo, mama, ila kwa kipimo hiki ni madogo mno. Wewe leo unaonja chumvi kwa ncha ya ulimi. Mimi napiga picha arobaini kwa siku. Nikisimama hapa kila mara, nitamaliza gunia."

Akamwonyesha na kibeji kifuani, kinachopima mionzi inayomfikia. Hupelekwa kusomwa kila miezi mitatu, na hakijavuka kiwango hata mara moja.

"Sasa si ungesema hivyo tangu zamani?" mama mkwe akamwambia. "Haya, piga."

Mfupa ulikuwa na ufa. Alipofungwa plasta, mama mkwe akaketi kwenye benchi la foleni akiwaeleza wenzake habari za ukuta na kibeji, kwa sauti ya mtu aliyeijenga hospitali. Siku hiyo hakutoroka mtu.

Wiki iliyofuata akaja jirani mmoja, mzima kama chuma, anataka picha ya kifua aitundike sebuleni. Kimulimuli akamkatalia: bila daktari kuona sababu, hapigwi mtu mionzi, hata iwe kidogo namna gani. Jirani akaenda kumshtaki kwa mama mkwe, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamshauri aende studio, tena avae shati safi.