Video Iliyokataa Kuitikia Shikamoo

Kabla hamjanihukumu, nataka ijulikane kwamba projekta haikuwa wazo langu. Ililetwa shuleni kwetu na watu wakarimu waliokuja na gari jeupe. Wakapiga picha nayo, wakapiga picha na sisi, wakapiga picha na watoto wameibeba kama kikombe cha ubingwa, halafu wakaondoka wakatuachia projekta, kompyuta moja na spika mbili. Mtandao hawakutuachia. Mwalimu mkuu akaitisha kikao, akauliza nani kati yetu anayajua mambo haya. Walimu wote wakanigeukia mimi, kwa sababu muhula uliotangulia nilimrudishia mmoja wao picha za harusi zilizopotea kwenye simu yake. Basi nikawa mtaalamu.

Nafundisha sayansi katika shule ya msingi hapa Tanga mjini, na nyumbani ni Makorora, ninakoishi na mama yangu mzazi. Nilianza kwa kupakua video nyumbani kwa bando langu mwenyewe, nikaziweka kwenye flashi na kuja nazo darasani. Zilikuwa za kupendeza kweli, moyo unadunda, damu inakwenda na kurudi, ila msemaji alikuwa Mzungu mwenye haraka zake, na watoto wangu wa darasa la sita walimsikiliza kwa adabu ileile wanayoisikilizia hotuba ya mgeni rasmi. Nikazima sauti, nikawa nasimulia mwenyewe, nimesimama kando ya shuka jeupe tulilolipigilia misumari ukutani. Hapo somo likaanza kuingia. Kisha nikajiuliza, kama maneno ni yangu, kwa nini na sura isiwe yangu? Mikondo ya darasa la sita ilikuwa mitatu, koo nilikuwa nalo moja, na lilikuwa limeanza kukwaruza. Nikaanza kujirekodi.

Studio yangu ilikuwa sebule ya mama, Jumamosi asubuhi, simu ikiegemezwa kwenye chupa ya chai. Mama macho yake yamefifia. Anaona umbo la mtu, sura haioni. Alinisikia nikieleza kazi za figo peke yangu sebuleni, akatoka chumbani taratibu akishika ukuta.

"Wasema na nani, mwanangu?"

Nikamwambia nasema na darasa. Akauliza kama hao watoto wameshapewa chai. Sehemu ile sikuikata, na watoto waliipenda kuliko figo zenyewe. Mkondo B waliomba irudiwe mara mbili, nami nikairudia, maana nilijua ikipita hiyo watazitazama na figo.

Siku ya kwanza ya kuonyesha video nzima nilikaa nyuma ya darasa ili nione mambo yatakavyokuwa. Sura yangu ikatokea kwenye shuka. Watoto wote wakasimama, wakaisalimu, "Shikamoo mwalimu," kwa ule mvuto wao mrefu unaoanzia dawati la mbele na kuishia la nyuma. Yule mimi wa kwenye shuka hakujibu. Aliingia moja kwa moja kwenye mfumo wa chakula. Watoto wakabaki wamesimama. Nilidhani wananifanyia mzaha, mpaka kiongozi wa darasa alipogeuka nyuma akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hajatuitikia."

Nikamwambia mwalimu mwenyewe ni mimi hapa, nimewaitikia, wakae. Akasema mimi walikwishanisalimu asubuhi. Ni sisi wenyewe tunaowafunza tangu darasa la kwanza kwamba ukimsalimu mkubwa unasimama mpaka akuitikie na akuruhusu kukaa, na hatukuwahi kuwaambia kwamba wakubwa wa kwenye shuka wana sheria nyingine. Nikarudi Makorora kurekodi upya. Mara ya kwanza niliitikia mapema mno, nikawakatiza shikamoo yao katikati, wakanung'unika kwamba nina kiburi. Mara ya pili nilikawia, nikabaki nimewatumbulia macho kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, darasa likaangua kicheko. Mara ya tatu nikapatia. Nafasi ya shikamoo yao, kisha, "Marahaba wanangu, kaeni," yote ndani ya sekunde saba. Tangu hapo kila video yangu ilianza hivyo, na madawati yalilia kwa pamoja kana kwamba nipo.

Yaliyonitia matatani ni mafanikio hayo. Mwalimu mkuu wetu ni mama mchapakazi, mpenda matokeo, mwenye tabia ya kupita barazani akichungulia madirisha. Siku moja alichungulia akaona darasa zima limetulia, linaandika, na mwalimu hayumo. Akaniita ofisini. Nikamwamkia, akaitikia kwa furaha, akanikaribisha kiti, na katika shule yetu ukikaribishwa kiti ofisini ujue pana jambo. Akaeleza kwamba shule moja mbali na mjini, huko njia ya Horohoro, haina mwalimu wa sayansi, na yeye ameombwa atoe mmoja. Wa kwake wako wawili, mimi na kijana mmoja mpole aliyeajiriwa juzijuzi. Alhamisi angekuja mdhibiti ubora wa shule kuona darasa linavyojifunza kwa video bila mwalimu. Akiridhika, jina langu linapelekwa juu, na yule kijana atatosha kubonyeza kitufe.

"Wewe utakwenda kuwasaidia wenzetu," alisema, "na video zako zitabaki hapa. Ni kama tutakuwa nawe wawili."

Alisema hivyo kwa nia ya kunipongeza. Mimi nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Sikuwa na ugomvi na Horohoro, watoto wa huko nao wanahitaji figo zao. Nilikuwa na mama. Makorora anajua hatua ngapi toka kitandani hadi bombani, anajua sauti ya kila jirani na nani anapita kichochoroni saa ngapi. Ni nyumba aliyoizoea kwa mikono kabla macho hayajamwacha. Hapa haoni vizuri. Kwenye chumba cha kupanga huko njiani angekuwa kipofu, na kumwacha peke yake sikuweza hata kulifikiria. Nikamwambia mwalimu mkuu nimesikia, nikaaga, nikatoka.

Sasa naungama. Jumatano, watoto walipokwisha kutawanyika, nilibaki katika ofisi ya walimu, nikaifungua video ya siku ya pili yake, nikazikata zile sekunde saba. Kazi yenyewe haikuchukua muda wa kumenya chungwa. Nilijua darasa lingesimama, na nilitaka mgeni aone lilivyosimama. Nilijisikia mtundu, tena nilijisikia vizuri, na nilikwenda nyumbani nikiimba.

Mwalimu mkuu akanisaidia bila kujua. Alhamisi asubuhi aliwakusanya watoto wa mkondo A akawapa amri. Leo mwalimu wenu ni yule wa kwenye shuka, msikilizeni yeye tu. Mgeni hayupo, mimi sipo, asigeuke mtu. Kisha akanituma nikakae ofisini nisionekane. Nikatoka na ndoo ya maji nikamwagilie maua, na kwa bahati maua yaliyohitaji maji zaidi yalikuwa chini ya matundu ya hewa ya darasa la sita.

Nilichungulia. Sura yangu ikatokea, watoto wakasimama wakaivutia shikamoo yao yote. Mimi wa kwenye shuka nikasema, "Leo tutajifunza mifupa." Hawakukaa. Mdhibiti ubora, mzee mwenye miwani na daftari, alikuwa ameketi nyuma, akainua kichwa. Mwalimu mkuu akashusha viganja taratibu, kaeni, kaeni, lakini watoto wote walikuwa wanatazama mbele kama walivyoamriwa, na kusema hawezi, maana yeye hayupo. Yule kijana wa kitufe akadhani video imekwama, akairudisha mwanzo. Sura yangu ikatokea tena. Watoto wakaniamkia upya, kwa sauti kubwa zaidi. "Leo tutajifunza mifupa," nikawajibu. Akarudisha tena. Mara ya tatu shati lake lilikuwa limeloa mgongoni, na mimi nilikuwa nimeuma upande wa khanga nisicheke, na ua langu lilikuwa linaelea.

Akaamua kuiacha iendelee. Watoto arobaini wakasimama wakijifunza mifupa. Hapo ndipo nilipomwona msichana wa dawati la tatu. Bodaboda ilikuwa imemgonga, alikuwa nyumbani wiki tatu, na niliambiwa atarudi Jumatatu. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, wa pili umefungwa plasta ngumu mpaka gotini, mkono kaushika ubao wa dawati, na jasho linamtoka. Kicheko kikaniisha. Nikaona aibu, aibu ya kweli. Nilikuwa na kesi yangu na watu wazima, na nilikuwa nimeipeleka kwa mtoto aliyevunjika mguu.

Nikaweka ndoo chini nikaingia darasani. "Marahaba wanangu, kaeni." Wakakaa.

Mdhibiti ubora akamwomba yule kijana azime. Hakuniuliza mimi. Aliwauliza watoto kwa nini hawakukaa muda wote ule. Yule msichana wa plasta akanyoosha mkono.

"Kila siku mwalimu hutuitikia. Leo hakutuitikia. Tukajua tumemkosea, tukawa twangoja atuambie kosa letu."

Ningeweza kunyamaza. Kwa kweli hayo ndiyo yaliyokuwa yakitakiwa yasemwe, na yalikuwa yamesemwa vizuri kuliko nilivyopanga. Lakini sikuweza kumsikia mtoto akijitafutia kosa kwa ajili ya ujanja wangu. Nikasema mbele ya wote kwamba hawana kosa lolote, nimeikata mimi, jana, kwa makusudi, kwa sababu sitaki kuhamishwa nikamwacha mama yangu. Mwalimu mkuu alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo nikiikumbuka natafuta mahali pa kuweka mikono.

Ofisini mambo yalichukua muda mrefu. Mdhibiti ubora alinisema vya kutosha kwa kuuchezea ukaguzi, akasema nastahili barua ya onyo na atahakikisha ninaipata. Halafu akamgeukia mwalimu mkuu, akamwambia kwamba darasa linaloweza kukwama kwa kukosa maneno matatu bado lina haja ya mwalimu, na kwamba katika ripoti yake hataandika kuwa mtu apunguzwe kwa sababu ya video. Huko njia ya Horohoro watafutiwe mwalimu wa ajira mpya. Akamalizia chai yake akaondoka.

Nilipomsimulia mama jioni ile, nikitarajia afurahi, aliniuliza jambo moja tu, kama hao watoto nimewaomba radhi. Sikuwa nimewaomba. Akasema basi sijamaliza, akaendelea kuchambua mchele kwa vidole.

Ijumaa nikaingia mkondo A bila projekta. Nikawaitikia, nikawakalisha, nikawaomba radhi. Niliwaambia haikuwa haki kuwasimamisha wala kuwafanya wadhani nimewakasirikia. Walinitazama bila kusema, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwafundisha mwalimu akiomba radhi hujibiwaje. Mwishowe yule msichana wa plasta akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo Horohoro huendi tena?"

Nilikuwa sijamtajia mtoto yeyote Horohoro. Nikauliza wamelijulia wapi jina hilo. Wakatazamana, ikabainika kwamba wiki ile zamu ya kufagia baraza la ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa yao, na walikuwa wakifagia polepole sana. Nikauliza, hivi jana walidhani kweli nimewakasirikia? Darasa zima likainamia madaftari.

"Hatukudhani," alisema msichana. "Tulikubaliana tangu juzi. Hata kama video ingetuitikia, tusingekaa."

"Mngemwambiaje mgeni?"

"Kwamba spika ni mbovu, hatukusikia." Akafikiri kidogo. "Ilipokosa kuitikia tukaona ni afadhali zaidi."

Nikamuuliza na yeye, ambaye alikuwa arudi Jumatatu, na mguu ule, alifuata nini. Akasema wenzake walikwenda kwao Jumatano jioni kumwambia, na yeye hakutaka kukosa. Walimshauri akae, mwenye plasta anaruhusiwa, akakataa. Nilitaka kusema neno la kiualimu hapo, juu ya kusema kweli mbele ya wageni, na nikakuta sina sura ya kulisemea. Nikageukia ubao nikaanza kuandika tarehe, nikiiandika polepole kuliko tarehe inavyohitaji.

"Ungengojea kengele tu, mwalimu," sauti yake ikanifuata. "Wala hiyo barua ya onyo usingepewa."

Barua yenyewe nilikuwa nimekabidhiwa asubuhi ile, imo mkobani, hata bahasha sijaichana.