Ukuta wa Mtani Wangu Masolwa

Masolwa alikuwa na tabia ya kugonga. Akifika nyumbani kwako hapigi hodi kwanza. Anasimama ukutani, anagonga kwa kidole kilichokunjwa, anatega sikio, ndipo anakusalimu. Alikuwa mtu wa gengi la reli, kutwa kazi yake kugonga vyuma na kusikiliza vilivyolegea, akaona labda dunia nzima inapimwa hivyo. Wanawake wa mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, tulimcheka mpaka siku alipougonga ukuta wa jiko la jirani yetu Batuli, akamwambia atoe vyungu vyake. Batuli alivitoa huku amenuna. Asubuhi yake ukuta ulikuwa chini, vyungu vizima.

Hapo tukamchagua kuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Ilikuwa miaka ile ya baada ya Azimio la Arusha, kila mtaa unaambiwa ujitegemee. Wapo walionung'unika, kwamba huyu Mkatoliki katoka Kigwa juzi tu na sisi Waislamu wa mjini tupo tangu zamani. Mimi sikunung'unika hata kidogo. Masolwa Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Babu yangu alitoka pwani na msafara, akaoa Tabora, akasahau kurudi. Na tangu wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo, wakipita kwetu Uzaramo, wao na sisi ni watani. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako, atakamata kuku wako amle, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Sasa kupewa mtani awe kiongozi wangu, niliona serikali imenipenda.

Mkutano wa kwanza tulikaa barazani kwangu. Masolwa akasema kila mwenye nyumba atafagia mbele yake na kuzibua mtaro wake, na mbuzi hatalala kwenye mtaro wa mwenzake. Tukakubali. Akasema tena kwamba kabla ya mvua tutakandika nyumba zote kwa zamu, kila Jumamosi nyumba moja, tukianza na wajane, na ya balozi itakuwa ya mwisho. Shaban, fundi baiskeli, akacheka. Balozi aliyepita alitukandikisha nyumba yake kwanza, halafu mvua ikatukuta sisi wengine na nyufa zetu.

"Wewe utakuwa balozi wa nyumba kumi au wa nyumba moja?" Shaban akamwuliza.

Masolwa akasimama. Akasema ya kwake ya mwisho, na asikie kila mtu. Kisha Batuli akauliza, je, ukuta wa mtu ukianguka kabla ya zamu yake? Masolwa akasema nyumba iliyoanguka ukuta inatangulia zote, hata iwe ya nani. Hilo nalo tukakubali.

Basi tulikandika. Udongo wa kichuguu tuliuleta kwa mikokoteni, wanaume wakaukanyaga, wanawake tukapaka kwa viganja. Masolwa alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kunawa. Alikuwa mbaya wa kuimba, lakini aliimba. Nyumba ikiisha anaigonga, anatabasamu peke yake kama mtu aliyeonja asali.

Ukuta wake mwenyewe hakuugonga. Niliona mimi. Mkewe Imakulata alinionyesha ule wa nyuma: ufa ulipanda kutoka chini mpaka kwenye bati, mkono unaingia, na nguzo ndani zimeliwa na mchwa zikawa kama mkate. Na chini ya ufa huo ndipo kilipokuwa kitanda cha mama yake Masolwa, Bibi Josepha, kikongwe asiyeona vizuri. Imakulata alimwomba ahame chumba, bibi akasema kitanda chake kimezoea pale. Alimwomba mumewe asogeze zamu, mume akasema atamtazamaje Shaban. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Igunga, na nyumba mbele yake zilikuwa bado nyingi.

Nilimwendea nikamwambia, "Mtani, mvua haijui kama wewe ni balozi."

"Nilisema ya mwisho," akasema.

"Na mama yako akifunikwa?"

Akatazama chini. Nilijua halali usingizi. Lakini mtu yule alikuwa mbishi, na mimi wabishi nawajua, nimeishi na mmoja ndani ya ngozi yangu maisha yote.

Jumamosi ikafika, zamu ya Shaban. Watu wote kwa Shaban, udongo umekanyagwa vizuri, umelainika, Masolwa matope mpaka magotini. Nikasema naenda kuchota maji. Nikapitia kwangu nikachukua jembe.

Imakulata alinikuta nimemshika bibi mkono, nampeleka uani nikamkalishe juani. Nikamwomba amletee karanga na atoe kitanda. Akalitazama jembe, akanitazama mimi. Alitoa kitanda, akatoa na sanamu ya Bikira Maria iliyokuwa ukutani.

Ukuta ule haukunipa taabu. Nilipiga, ukamwagika. Wanasema mpaka leo kwamba nilipiga kupita kiasi, maana nguzo ya pembeni nayo ilianguka na bati likainama. Si kweli. Nguzo ile ilianguka yenyewe, mchwa walikuwa ndio wanaishikilia.

Nikarudi kwa Shaban, kanga imejaa vumbi.

"Balozi, kuna nyumba imeanguka ukuta."

Akainuka upesi. "Ya nani?"

"Ya mtani wangu mmoja, mbishi."

Alikimbia vile vile na matope yake, nasi nyuma. Akamkuta mama yake kwenye kigoda anatafuna karanga, na nyumba yake unaona mpaka barabara ya pili. Akamshika mama mabega, akampapasa kichwa, kisha akaliona jembe.

"Mzaramo," akasema, "umenibomolea nyumba."

"Nimebomoa kichuguu. Nyumba tunaijenga sasa hivi."

Midomo ilimcheza. Alitaka kukasirika, na hakuruhusiwa. Akasema basi, atajenga mwenyewe Jumapili, watu warudi kwa Shaban, zamu ni zamu. Watu wakamtazama Shaban, maana udongo ulikuwa wake.

Shaban akajipangusa mikono kwenye suruali. "Nyumba iliyoanguka inatangulia," akasema. "Ulisema wewe, si mimi. Au sheria yako nayo ina ufa?"

Akageuka akaenda kwake, akarudi na karai la udongo kichwani. La kwanza alilimwaga yeye.

Tulisimamisha nguzo mpya, tukafunga fito, tukakandika. Jua lilipozama ukuta ulikuwa umesimama, umepinda kidogo kama mtu anayesikiliza. Mvua ilikuja wiki ile ile, ukuta bado haujakauka sawasawa. Tuliukinga kwa majamvi ya kila nyumba, hata la kwangu la Idi. Ulishika. Bibi Josepha alirudishiwa kitanda chake pale pale, akalalamika kwamba panapaka tope. Jumamosi iliyofuata tulikandika kwa Shaban katikati ya manyunyu, na Masolwa ndiye aliyeimba.

Mtani hakosi kulipa, nami nilimngoja. Hakubomoa kitu. Ila kila mwaka mvua zikikaribia, alikuja kwangu, akasimama kwenye ukuta wangu wa mbele, akagonga, akatega sikio muda mrefu. Kisha anatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepata habari mbaya, ananiambia shikamoo, ingawa tulikuwa rika moja, na anakwenda zake. Nikimwuliza umesikia nini, anasema hakuna kitu, mtani, wewe lala tu.

Sijapata kujua alisikia nini. Basi kila mwaka, mbishi kama nilivyo, naukandika ukuta ulio mzima, usio na ufa hata mmoja.